Mzunguko Mmoja: Bob Wollek na Le Mans

Asanteni, asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Kila ninapomtaja Bob Wollek, dereva Mfaransa wa magari ya mbio, swali la kwanza huwa ni hilohilo: alishinda Le Mans mara ngapi? Hata mara moja. Aliingia mbio zile za magari za saa 24, kule Ufaransa, mara 30. Mfaransa mwenzake Henri Pescarolo, mwenye rekodi ya kushiriki, aliingia mara 33 na kushinda mara 4. Wollek naye ana 4 zake, ila zote za nafasi ya pili. Watu wakishasikia hivyo humhurumia, wakageukia habari nyingine. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya.

Pale Le Mans linaloshindana ni gari. Madereva wawili au watatu wanapokezana usukani mchana na usiku. Zamu yako ikiisha unaingia piti, pale magari yanapohudumiwa, unafungua mikanda, unajichomoa kwenye kile kitundu cha mlango, unamsaidia mwenzio kufunga mikanda yake, basi. Unabaki umesimama ukutani, kofia mkononi, jasho linakutiririka, unasikiliza mlio wa injini ukififia. Hapo huna usemi tena. Akiligonga yeye, mmeligonga wote.

Wale mliokuwa Naivasha mwaka 2022 mlimwona Sébastien Loeb akishindana kwenye Safari Rally. Kwenye rali, dereva na msoma ramani wake ndio walewale tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo kosa lina mwenyewe. Loeb huyo mwaka 2006 alijaribu Le Mans na timu ya Pescarolo, akawa wa pili. Naye ni mtu wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kama Wollek. Sijui maji ya kule yana nini.

Wollek alizaliwa Strasbourg mwaka 1943. Kabla ya magari alikuwa mtelezaji wa theluji, tena wa timu ya taifa. Ukimtazama anavyoendesha unaiona ile theluji: hapigani na gari, analiacha liteleze kidogo kisha analirudisha taratibu. Kwa mbio za saa nyingi hiyo ni mali, maana breki na matairi hayachoki upesi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ndani ya Porsche, za kiwanda na za timu binafsi. Ubingwa wa magari ya mbio wa Ujerumani aliuchukua mwaka 1982 na 1983. Huyo si mtu wa kuhurumiwa.

Sasa zile nafasi za pili. Ya mwaka 1978 naipita, Renault waliwaacha kwa mizunguko 5. Zinazouma ni za baadaye, akiwa ameshapita miaka 50. Mwaka 1995 alikuwa kwenye gari la kampuni ya Courage pamoja na Mario Andretti na Éric Hélary. Andretti akateleza, gari likagonga, wakapoteza muda mwingi piti likitengenezwa. Wakaanza kuifukuza McLaren iliyokuwa mbele, wakaifukuza hadi mwisho, wakapungukiwa mzunguko mmoja. Mwaka 1996, Porsche ya kiwanda: mzunguko mmoja. Mwaka 1998, Porsche tena: mzunguko mmoja. Mzunguko wa Le Mans una kilomita 13 na ushee, na magari yale yaliumaliza kwa dakika zisizofika nne. Saa 24, halafu dakika nne!

Mtaniambia, basi makosa yote ni ya wenzake. Hapana. Mwaka 1997 gari lake lilikuwa linaongoza, asubuhi ya Jumapili imeshapambazuka, na usukani alikuwa nao yeye. Likamponyoka, likaharibika, mbio zikaishia hapo. Safari hiyo waliobaki ukutani wakitazama ni Hans-Joachim Stuck na Thierry Boutsen.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mbio nyingine za saa 24, za Daytona, Marekani, mwaka 1983. Wollek anaendesha Porsche 935 ya Preston Henn, mwenye timu, gari linakwenda vizuri, mvua inanyesha. Mmarekani A. J. Foyt, gwiji wa mbio za Indianapolis, gari lake lilikuwa limeshakufa. Henn akamwita Foyt aje kuendesha lake. Foyt hajawahi kuiendesha 935, na njia imelowa. Wollek hakufurahi hata kidogo, na hakulificha. Mimi namwelewa: umelea gari usiku kucha, halafu linakabidhiwa mgeni! Foyt akaingia, akajifunza gari hukohuko njiani, na wakashinda.

Wengi huishia hapo kwa kicheko. Mimi hunivutia kilichofuata. Mwaka 1985 Wollek na Foyt walikuwa pamoja tena, wakashinda Daytona, na mwaka huohuo wakashinda mbio za saa 12 za Sebring, hukohuko Marekani. Yule mgeni amekuwa mshirika. Wollek aliongeza Daytona mbili nyingine, 1989 na 1991, zikawa 4. Ile ya 1991 Pescarolo alikuwa naye garini. Kwa hiyo hao wawili tunaowapima kwa Le Mans, mmoja wa kwanza na mwingine wa pili, kule walishinda kwa usukani mmoja.

Alipenda sana baiskeli. Inasimuliwa kwamba kwenda Le Mans alipiga pedali kutoka kwao Strasbourg, yaani anaikata Ufaransa toka mashariki hadi magharibi, kisha ndiyo aingie kwenye gari la mbio.

Machi 16, 2001, alikuwa Sebring, ana miaka 57. Mazoezi ya siku hiyo yalikwisha, akapanda baiskeli kurudi alikofikia. Gari likamgonga kwa nyuma barabarani, akafariki. Kesho yake mbio zilianza, na timu yake ikaliondoa gari lake mashindanoni.