Namba 4294967297 na jaribio la tano

Ndugu zangu, leo naandika ubaoni namba moja tu: 4294967297. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 32, ikaongezwa 1.

Ndugu zake wanaoitangulia, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ikaongezwa 1, ni 3, 5, 17, 257 na 65537, na wote ni namba tasa. Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliwatazama hao watano akaamini kwamba na huyu wa sita ni tasa. Simcheki. Ningekuwa mimi, ningeapa kabisa.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa si tasa. Sasa jiulizeni: ukitafuta kigawo kwa kupapasa gizani, una namba tasa 6542 za kujaribu kabla hujafika kwenye kipeuo chake cha pili. Nani ana subira hiyo, kwa kalamu ya wino? Lakini Euler alithibitisha sharti moja: kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Basi tunaruka kwa hatua za 64: 65, 129, 193... Zisizo tasa tunazitupa. Wanaosalia mwanzoni mwa foleni ni 193, 257, 449, 577, 641.

Tugawanye. Kwa 193, baki 109. Kwa 257, baki 2. Kwa 449, baki 325. Kwa 577, baki 288. Kwa 641... hakuna baki! Jawabu ni 6700417, nayo ni tasa, kwa hiyo hapo kazi imekwisha. Majaribio matano tu.

Rudini kidogo kwenye ile baki ya 2, maana wengi huipita bila kuitupia jicho. 257 ni ndugu, mbona amebakisha 2 hasa? Jaribuni 3, 5, 17 na 65537: 3 nayo itabakisha 2, 5 vilevile, wote hivyo hivyo. Sababu ni kwamba ukitoa 2 unapata 4294967295, na hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Ndugu watano wakizidishwa pamoja, wanapungukiwa na mdogo wao kwa 2 tu.

Mwaka 1796 mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, akiwa kijana wa miaka 18, aligundua kuwa umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari peke yake. Kwa hesabu hiyohiyo, ndugu tasa tofauti wakizidishwa pamoja, umbo la pande hizo nalo linachoreka; basi hata la pande 4294967295 linachoreka, ingawa huyo mchoraji simwoni. Ongeza pande mbili tu, haliwezekani tena: 641, ambayo si mmoja wa ndugu hao, imeziba njia.