Nyuki wa Mpungate

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na poleni na foleni. Nyuki ninayemzungumzia leo hana mzinga, hana malkia, wala hakuna atakayerina asali kwake.

Jina lake la kitaalamu ni Diadasia rinconis. Mwanasayansi Cockerell alimwelezea kisayansi mwaka 1897. Makao yake ni nchi kame za kusini-magharibi mwa Marekani, kuanzia Texas hadi California, na kuteremka Mexico. Kila jike huchimba shimo lake mwenyewe ardhini, ingawa mashimo ya majirani husongamana kama vibanda vya Kariakoo.

Kwa nini huko? Wengi watajibu: joto na ukame. Mimi nasema tuanze na ua. Jike huyu huwakusanyia watoto wake chavua, ule unga wa maua, ya mpungate, mmea wa miiba wenye mapande bapa, na ya jamaa zake wa jangwani, karibu hiyo tu. Huibuka majira ya kuchipua, mipungate inapochanua, akafanya kazi wiki chache, akafa. Mabuu hubaki udongoni hadi mwaka unaofuata. Pasipo mmea huo, hata jua liwe kali kama la Arizona, hayupo.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye ua lenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Hudumu siku moja, pengine mbili. Ndani yake kuna stameni tele, yaani nyuzi za kiume zibebazo chavua, na zikiguswa hujikunja kuelekea katikati. Nyuki hutua penye stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, akiwa na chavua ya ua jingine mwilini, kisha huzama kati ya stameni kuufuata mbochi, ule utamu wa ua, ulio chini. Stameni humfunika. Humwoni tena, unaona ua likitikisika tu.

Ndugu zake wa jenasi hiyohiyo, yaani kundi la Diadasia, wana mapenzi mengine. Wengi wameuchagua ukoo wa bamia, pamba na choya, ila wa kule Amerika. Diadasia enavata ameshikilia alizeti.

Sasa turudi nyumbani. Mpungate tulio nao asili yake ni Amerika. Watu waliuleta, na kwa kuwa pande lake bapa likianguka huota mizizi, ukaenea. Nyuki wake hakuja nao. Huku maua yake hutembelewa na nyuki wa asali, ambao huchota huku na kule bila kufungwa na ua moja.

Inaniuma kwamba tukitaja nyuki nchini tunawaza ndoo za asali. Nyuki wapweke wanaochimba kwenye viwanja vyetu tunawakanyaga, na ni wachache wanaouliza wanawalisha watoto wao chavua ya ua gani. Swali hilo halihitaji maabara kulianza. Linahitaji mtu wa kuchuchumaa asubuhi mbele ya ua na kungoja.

Mkikuta mpungate umechanua, chukueni njiti, mguse stameni taratibu. Zitajikunja, vilevile zinavyojikunja kule jangwani nyuki yule anapozama.