Aliyeanguka Mkarafuuni Asibebwe Mzobemzobe

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu wa Wete. Nimefurahi kuwaona vijana wa kuchuma wamejaa, maana msimu unabisha hodi.

Mkarafuu hupita mita 10. Tawi likikatika, sote tunamkimbilia mwenzetu: huyu kwapani, yule miguuni, kiuno kinaning'inia. Imani hiyo, jamani, ndiyo inayomalizia madhara. Ndani ya pingili za mgongo mna ugwe, unene wake kama kidole cha mwisho, unaopitisha habari baina ya ubongo na mwili. Pingili ikivunjika, ugwe huenda umeminywa tu. Tukimkunja, tunauchana.

Mwacheni alale alivyo. Mmoja apige magoti kichwani, akishike kwa mikono miwili. Kabla ya kumpakia garini, mgeuzeni nyote kwa pamoja kama gogo, ubao upite chini yake. Hata mlango ung'oeni. Mwenye kushika kichwa ndiye atoe amri.

Ugwe ukiumia shingoni, mikono na miguu huathirika, na juu kabisa ya shingo hata pumzi hukatika. Ukiumia kifuani au kiunoni, mikono husalimika. Haja kubwa na ndogo, na mambo ya unyumba, huvurugika kote kuwili; tusione haya kuyauliza hospitali. Tena kuna jeraha kamili na lisilo kamili. Anayehisi japo mguso sehemu ya haja kubwa ana njia iliyobaki wazi, na matumaini yake ni makubwa zaidi. Siku za mwanzo ugwe huzimika kwa mshtuko, kwa hiyo msimkatie mtu tamaa mapema.

Niliwahi kumuuguza mchumaji mmoja aliyetunzwa vizuri mno na mkewe. Siku moja nikamgeuza, nikakuta kidonda takoni, duara kama sarafu. Kilikuwa kifungo cha mfuko wa nyuma wa suruali. Alikikalia mchana kutwa, asihisi kitu. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, na ngozi iangaliwe kila siku.

La mwisho, kwa walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu. Akilalamika kichwa kinamgonga, uso unatoka jasho, presha imepanda ghafla, na inaua. Mara nyingi chanzo ni mkojo uliozuiwa kutoka. Mkalisheni wima, kisha fuateni mpira wa mkojo kwa mkono, toka mwilini mpaka kwenye mfuko wa mkojo. Mara nyingi mtaukuta umejikunja chini ya paja. Unyoosheni, na asipotulia papo hapo, hospitali.