Ukibadilisha Mkanda wa Taimingi, Badilisha na Tensheni

Ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari mliokuja kusikiliza, nianze na tensheni, ile puli (gurudumu dogo) inayoukaza mkanda wa taimingi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mwenye gari la zamani anasema, "Nibadilishie mkanda tu." Fundi anafunga mkanda mpya, kisha anarudisha tensheni ileile iliyokwisha kwenda kilomita 90,000. Jamani, tusikubali kazi ya namna hiyo. Ndani ya tensheni mna beringi yenye grisi iliyofungiwa humo kiwandani. Grisi ikikauka, beringi inalia, inalegea na kuchezacheza, puli inakaa upande, na mkanda mpya unaliwa ukingoni mpaka ukatike. Lawama zote zitaangukia mkanda. Tensheni kuukuu ishike karibu na sikio, uizungushe kwa kidole. Ikikwaruza, au ikiserereka bila uzito wowote kama gurudumu la baiskeli, grisi imekwisha.

Mkanda huu unaunganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, shafti inayofungua valvu: krenki ikizunguka mara 2, kemshafti inazunguka mara 1. Katika injini nyingi, valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika mwendoni, pistoni inazigonga valvu na kuzipinda, na hapo silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, haina budi kufunguliwa.

Muda wa kubadilisha umo kwenye kitabu cha gari, kwa kilomita na kwa miaka. Gari la zamani lisilotembea sana, miaka ndiyo hutangulia. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Chomoa betri, linganisha alama za puli za krenki na kemshafti kabla hujagusa tensheni. Oilsili (kizuizi cha oili) ya krenki au kemshafti ikivuja, ibadilishe hapohapo, maana oili huharibu mpira. Pampu ya maji nayo, kama inazungushwa na mkanda huohuo, ibadilishe. Kazi kubwa ni kufungua, na umeshafungua. Mkanda mpya usiukunje, nyuzi zake za ndani zitavunjika. Uvishe kuanzia krenki, upande usio na tensheni ukaze, ulegevu wote uishie kwenye tensheni. Tensheni ya haidroliki, yaani inayosukumwa na oili, pini inayoizuia itolewe mkanda ukishakaa.

Sasa nawaomba sana: msiwashe gari kwanza! Toa plagi ili mkono usikie vizuri, weka spana kwenye bolti ya krenki, zungusha mizunguko 2 kamili kuelekea injini inakozungukia. Ukigonga kitu kigumu, simama, usilazimishe; huenda ni valvu imekutana na pistoni. Mizunguko ikitimia, tazama alama za puli. Mistari iliyochapwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi mahali pake, isikutie wasiwasi. Lakini puli ikipishana hata jino 1, fungua urudie.

Mwisho, kwenye kifuniko cha mkanda andika tarehe na kilomita kwa wino usiofutika, fundi atakayefuata asibahatishe.