Vumbi na Dizeli Chafu: Kuitunza Massey 135 ya Zamani
(Mhadhara kwa wakulima, Kongwa)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, asanteni kwa kuyaacha mashamba asubuhi hii.

Kongwa na trekta wanajuana siku nyingi. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wa karanga, wakaleta hadi matrekta ya jeshi yaliyobaki baada ya vita. Spea zilikuwa haba, mafundi wachache, na mchanga mkali wa ardhi hii ukala majembe yao. Januari 1951 mradi ukafutwa. Mchanga ule ndio huu tunaoulima sisi.

Leo nazungumzia Massey Ferguson 135, ile ya Coventry, Uingereza, iliyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1964. Injini ni Perkins ya dizeli, silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi kama 45. Wengi mnayo, au mnatafuta iliyotumika. Mkiniita kuikagua, umri wake siuulizi. Nauliza hewa inaingilia wapi, na dizeli yake inakaa wapi.

Tuanze na ea klina, yaani kisafisha hewa ya injini. Bakuli lake la chini lina oili. Hewa inashuka na bomba, inaigusa oili, kisha inageuka kupanda. Vumbi kwa uzito wake linanaswa pale. Msimu wa kulima, bakuli hilo lifunguliwe kila asubuhi. Chovya kidole. Ukigusa tope, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili mpya hadi kwenye alama, usizidishe, maana ikizidi injini inaivuta. Halafu kagua mpira unaotoka hapo kwenda kwenye injini. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Ufa wa urefu wa ukucha kwenye mpira ule unapitisha vumbi lisilochujwa. Mchanga unasaga ringi za pistoni na slivu za silinda, moshi unakuwa wa bluu, oili inapungua, asubuhi trekta haiwaki. Unaambiwa ufanye ovaholi, injini yote ifumuliwe, unauza ng'ombe, kumbe chanzo ni mpira.

Dizeli nilijifunza kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua ya madumu, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Ilikuwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mnakumbuka mchezo ule, hadi 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida tena. Sasa, pampu ya trekta hii inalainishwa ndani na dizeli yenyewe inayopita, na mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi. Pampu ilikwama katikati ya mvua za kwanza, majirani wakipanda. Mtama wangu ulichelewa, nikavuna magunia ya kuhesabu kwa vidole. Bado inaniuma.

Tangu hapo dizeli yangu inatulia kwenye pipa siku nzima kabla ya kuivuta, na mrija haufiki chini. Tangi nalijaza jioni, kwani tangi tupu linashika unyevu wa usiku na kuugeuza maji. Chini ya chujio kuna skrubu ya kumwagia maji hayo. Ifungueni kila wiki.

Mawili ya haraka. Bolti zake nyingi ni za inchi; spana ya milimita itazila vichwa. Na nyingi za trekta hizi hazina fremu ya kumlinda dereva. Gogo livuteni kwa ndoano ya chini tu. Mkifunga mnyororo juu ya ekseli, pua inanyanyuka na trekta inamwangukia dereva kinyumenyume, kabla hajakanyaga klachi.

Sasa upepo, yaani kuitoa hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli, maana wengi mmeulizia. Dizeli ikikuishia shambani, jaza tangi, legeza skrubu ya juu ya chujio, piga pampu ndogo ya dizeli kwa kile kiwiko chake cha chuma hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kiwiko kikiwa kilegevu, zungusha injini kidogo, kitashika. Kisha fanya vivyo hivyo kwa skrubu za pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli (vinyunyizio vya injini), ya chini halafu ya juu. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, piga stata hadi dizeli iruke, kaza. Nozeli ikiwa imefunguliwa, usiweke kiganja mbele yake: dizeli ile inatoboa ngozi.

Yangu iko hapo chini ya mwembe, nimeitia upepo makusudi. Mama uliyekuwa wa kwanza kuulizia upepo, njoo ushike spana.