Bakuli Lenye Kitambi

SOMOE: (anagonga kitu cha bati mara tatu) Karibuni tena!

CHANDE: Dada Somoe, hicho nini? Tulikubaliana leo ni Frank Ocean, yule mwanamuziki wa Marekani, si ngoma.

SOMOE: Ndiyo Frank Ocean mwenyewe huyu. Jumamosi nilikuwa Newala kwa shangazi. Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, naambiwa madebe manne yameshauzwa.

CHANDE: Kangomba. Mlanguzi kanunua korosho zikiwa bado maua.

SOMOE: Kangomba! Jamaa kaacha na kipimo chake kabisa. Hebu kiweke mezani.

CHANDE: Mbona linayumba? Aa, limegongwa kwa ndani. Bakuli limetoka kitambi!

SOMOE: Shangazi anahesabu moja, jamaa anaondoka na moja na ushee. Mkataba wa lebo ndio huu. Wimbo hujauandika, hela umeshakula, na kipimo ni cha mwenye hela.

CHANDE: Haya, kwa mnaotusikiliza. 2011 Frank alitoa kazi mwenyewe, bure mtandaoni, wakati lebo ya Def Jam wameshamsainisha na kumsahau. 2012 ndipo wakamtolea Channel Orange. Kisha Agosti 2016, tarehe 19, akawakabidhi albamu ya video iliyomaliza deni la mkataba. Kesho yake, Blonde, kwa lebo yake mwenyewe. Ikaingia namba moja Marekani.

SOMOE: Kawajazia bakuli lao, mzigo wenyewe kaubakiza ndani.

CHANDE: Ujanja naukubali. Lakini salfa nani alinunua?

SOMOE: Salfa imetokea wapi?

CHANDE: Mkorosho usipopuliziwa dawa hiyo, maua yote yanaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Def Jam ndio walipuliza. Bila 2012 hakuna 2016. Mwenyewe alisema alizinunua masta zake, yaani rekodi halisi za nyimbo zake, kwa hela yake. Hela hiyo ilitoka wapi?

SOMOE: Kwa watu waliompenda tangu zile za bure!

CHANDE: Za bure hazilipi studio. Shangazi naye, si alikuwa na shida?

SOMOE: Ada ya mjukuu.

CHANDE: Sasa angengoja mauzo rasmi ya stakabadhi ghalani, korosho zikae ghalani, mnada, hela ipitie benki... mtoto angekaa nyumbani mpaka Novemba.

SOMOE: Kwa hiyo unamtetea mwenye kitambi.

CHANDE: Namtetea mtoto.

SOMOE: (kimya kidogo) Hapana, Chande. Amkopeshe, sawa. Lakini apime kwa kilo.

CHANDE: Aliyetoa hela wakati wa maua, maua yakipukutika anakula hasara. Lazima apate cha juu.

SOMOE: Cha juu kinawekwa chini ya bakuli?

CHANDE: Sijasema afiche.

SOMOE: Kitambi kiko chini, kaka, ambako bibi wa watu hachunguzi.

CHANDE: Tuendelee.

SOMOE: Hujajibu.

CHANDE: Nawe la salfa hujalijibu.

SOMOE: Sitalijibu, maana shangazi salfa kanunua mwenyewe.

CHANDE: Ninazungumzia Frank!

SOMOE: Mimi nazungumzia bakuli.

CHANDE: Jamani, dakika mbili zimebaki. Tulikuwa na mambo matatu kwa wasanii wetu wa Mtwara na Lindi. Usajili wa kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, masta, na... la tatu uliandika wewe.

SOMOE: Karatasi nimeifungia bakuli. Na mwanamuziki Harmonize hatujamgusa, mtoto wa hapa hapa Mtwara, katoka WCB, lebo ya Diamond, 2019.

CHANDE: Huyo anataka kipindi chake. Simu yako inalia.

SOMOE: Shangazi.

CHANDE: Si upokee?

SOMOE: Sipokei. Anatafuta bakuli la watu.