Miwani ya VR: namna ya kumzoesha kijana wako kuvuka barabara

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo nipo na mwanangu wa miaka 15, ana sindromu ya Down, na tunafanya mazoezi ya kuvuka barabara kwa miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha video kana kwamba upo palepale. Yetu ni Quest 2. Kuchaji na kuwasha mnajua, hapo napita.

Kwanza shingo. Miwani hii ina gramu 503, na uzito wote unaelemea mbele. Baadhi ya wenye sindromu ya Down, pingili mbili za juu za shingo huwa zimelegea, kwa hiyo muulizeni daktari kabla hamjanunua. Mwenye kifafa, vilevile.

Lenzi unazisukuma kwa kidole. Zina vituo vitatu, milimita 58, 63 na 68, kufuata umbali wa mboni na mboni. Wetu tunaweka... subirini! Pazia, jamani, nifungieni pazia! Jua likiingia kwenye lenzi linaunguza kioo cha ndani, na lile doa halitoki. Haya, tayari. Wetu tunaweka 58.

Hapa sasa nisikilizeni. Usimvalishe. Narudia, usimvalishe wewe. Mara ya kwanza nilimjia kwa nyuma, nikapitisha mkanda kichwani, nikakaza. Giza likamfunika ghafla. Alipiga yowe, akaing'oa, na wiki tatu hakutaka hata kuliona boksi lake. Kwa hiyo mkanda uache kabisa. Mpe aishike mwenyewe kama darubini. Achungulie, atoe. Achungulie, atoe.

“Baba, umeona nini?”

“Bajaji!”

Mmemsikia? Siku ya kwanza dakika mbili zinatosha. Mkanda tulifunga siku ya nne, tena aliuomba mwenyewe. Nawaomba sana, mkanda msiufanyie haraka.

Akae kwenye kiti chenye mikono, na mkubaliane ishara ya kuacha. Mwanangu anagonga paja mara mbili. Akigonga, unatoa palepale, hata kama video imebakiza sekunde tano. Usipomtii mara moja tu, kesho havai.

Mbona simu haionyeshi anachokiona? Aa, imehamia kwenye data. Simu na miwani ziwe kwenye Wi-Fi moja... imerudi.

Kuhusu video, mimi napenda ya mtaani kwetu. Programu niliyoanza nayo ilikuwa ya Kimarekani, magari yanapita kulia, inamwambia mtoto atazame kushoto kwanza. Huku kwetu gari la kwanza kukufikia linatokea kulia! Nikaazima kamera ya nyuzi 360, ile inayorekodi pande zote kwa pamoja, nikaisimamisha kwenye zebra ya hapa Sinza, saa nne asubuhi. Muuza mahindi yumo, bodaboda zimo, na mwanangu anapajua.

“Kulia, baba. Kushoto. Kulia tena.”

Mmeona shingo ilivyogeuka? Haya, toa taratibu, tukae kidogo macho yazoee. Baba, viatu. Tunakwenda kwenye zebra yenyewe, na simu nazima, kule namshika mkono.